Robo Tatu ya Saa kwa Ndege

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, afisa wa safari wa kituo chetu, ambaye wote tunamwita Mama Robo Tatu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Siku hiyo hiyo ndege ya kwenda Kule itaruka kwa mara ya mwisho na kituo kitafungwa. Meneja ameniomba mimi, fundi wa ndege niliyefanya kazi naye miaka kumi na tisa, niandike maneno machache ya kuchangamsha kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nimejaribu. Ya kuchangamsha nimeyaweka mwanzoni, maana ndiko yaliko.

"Kule" ni jina letu sisi wa kituo kwa uwanja wa pili. Hatukuwa na safari ya kwingine kokote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kule wapi.

Kazi ya Mama ilikuwa kupima mzigo, kukadiria mafuta, kusoma upepo, kumkabidhi rubani karatasi zake, kisha kuwaarifu wa Kule kwamba ndege imeondoka. Lakini dirisha la ofisi yake linatazamana na mlango wa abiria, na kila mwenye begi mkononi aliona huyo ndiye wa kuulizwa. Kule ni mbali? Tutafika saa ngapi? Naye hakuinua kichwa: "Kilomita mia tatu na ushei. Robo tatu ya saa. Upepo ukiamka vibaya, saa nzima." Basi jina likamganda, na sidhani kama wahasibu wetu wanajua jina lake la kwenye cheti.

Kwa barabara ni habari nyingine. Milima imekaa katikati, barabara inaizunguka kama mtu anayemkwepa mdai wake, na safari inakuwa zaidi ya maradufu. Basi linaondoka alfajiri na kufika usiku. Masika daraja likikatika, halifiki. Ndiyo maana watu wa mji huu waliipenda ile ndege yetu ndogo ya mapangaboi mawili kama mtu anavyompenda shangazi mwenye gari.

Wa zamani watakumbuka yule mzee aliyepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kumwona mwanawe. Alimuuliza Mama mwendo, akajibiwa, akaingia, akafunga mkanda, akasinzia. Siku hiyo pampu ya mafuta ilikorofisha, ndege ikakaa pale pale kama robo tatu ya saa, hatimaye abiria wakaombwa washuke wasubiri ndani. Mzee akaamka, akachukua fimbo yake, akashuka na wenzake. Alipopita dirishani akasimama kumpa Mama mkono. "Mwanangu, hukunidanganya. Robo tatu kweli. Na huku nako mmejenga kama kwetu." Mama alimtafutia kiti, akamletea chai, akamweleza polepole. Hakucheka mpaka mzee alipopaa kweli, na hapo alicheka hadi akaegemea ukuta.

Tunamkumbuka pia kwa yule mheshimiwa aliyetaka mazulia yake yapande yote, hata kama ni kwa kupunguza mafuta. Meneja wa wakati huo alikwisha kukubali. Mama alitoka ofisini, akasimama kati ya mkokoteni na mlango wa mizigo, akasema kwa adabu zote, "Mheshimiwa, mafuta ndiyo yatakayokufikisha wewe. Mazulia yatafuata kesho." Yalifuata kesho. Kwa miaka yote hiyo hakuna ndege aliyoituma ikapungukiwa njiani. Hilo peke yake lingetosha kuwa wasifu, na nikiishia hapa meneja atanishukuru.

Lakini Mama mwenyewe ameusoma mwanzo huu, akaurudisha mezani kwangu. "Umeandika vizuri, Fundi. Ila umeandika kama vile sikuwa na mume."

Basi naandika.

Mume wake alikuwa muongoza ndege kwenye mnara wa Kule. Miaka ile uwanja wetu haukuwa na mnara, kwa hiyo afisa wa safari ndiye aliyeita Kule kwa redio kutoa taarifa: ndege imeruka saa fulani, itafika saa fulani, ina watu kadhaa. Asubuhi moja, Mama akiwa bado mgeni kazini, alichelewa kutoa taarifa, na sauti ya mwanamume ikafoka kwenye redio ikiuliza kama huko wamelala. Mama akajibu kwamba huko kuna mtu mmoja anayefanya kazi za watu watatu, na kama bwana ana nafasi ya kufoka basi aje asaidie. Kisha ile sauti ikasema, "Nakuja Jumamosi."

Alikuja kweli, na ndege ya asubuhi. Baada ya mwaka walioana.

Waliona ni jambo jepesi. Mmoja ataomba uhamisho, mwingine atangoja kidogo. Mama aliandika barua kwa shirika. Akajibiwa kwamba Kule kuna maafisa wa kutosha, na nani atakubali kuja huku? Mume aliandika kwa mamlaka ya viwanja. Akaulizwa, uwanja ule hauna mnara, tukuweke juu ya paa? Waajiri wawili, kila mmoja akimnyooshea kidole mwenzake. Na wote walikuwa na jibu moja la mwisho, ambalo Mama alilisikia hadi likamtoka puani: "Jamani, ni robo tatu ya saa tu. Watu wanakaa kwenye foleni kuliko hivyo."

Huo ufupi ndio uliowamaliza. Wangekuwa mbali kweli, mtu angewaonea huruma. Mmoja angeacha kazi mapema, au ndoa ingevunjika na kila mtu akashika njia yake. Lakini kwa umbali ule kila mwaka ulionekana wa kuvumilika. Mwanamume alikuja mwisho wa wiki kwa kiti kilichobaki, akarudi Jumatatu kwa kiti kilichobaki. Kiti kisipobaki hakuja. Binti yao alipoanza shule aliulizwa na mwalimu baba yake anaishi wapi, akasema, "Angani." Ofisi nzima tulicheka. Yule baba alipoambiwa, alicheka pia, kisha akaomba kwenda kunawa uso.

Siku za katikati ya wiki walikuwa na redio, baadaye simu ya ofisi. Mimi meza yangu ya zana ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, nikiwasikia kila siku. Mama anatoa taarifa yake ya ndege kikazi, neno kwa neno. Mume anaipokea kikazi. Halafu kabla ya kukata, yeye husema, "Umekula, mama watoto?" ingawa mtoto alikuwa mmoja. Naye hujibu, "Nimekula." Mara nyingi niliona kwamba hajala.

Mwaka tuliojengewa mnara, Mama aliupaka rangi mlango wa nyumba yao na kununua kitanda kipya. Sasa sababu imekwisha. Mnara huu hapa, na muongoza ndege mwenye uzoefu yuko Kule, na mkewe yuko hapa. Nani atakosa kuliona hilo? Mamlaka wakamleta kijana kutoka chuoni. Wakamwandikia mumewe kwamba yeye ni mkongwe, anahitajika Kule kufundisha wengine. Nilikuwepo Mama alipopigiwa simu na mumewe kuambiwa. Alisikiliza, akasema, "Haya," akarudi kupima mizigo. Jioni alinikuta naosha mikono, akaniuliza kama najua mtu anayenunua kitanda.

Hakukiuza. Naona sharti niseme, kwa sababu watu wamewahi kusema alikata tamaa mapema. Hakukata. Alingoja mumewe astaafu.

Mume alistaafu miaka mitatu iliyopita. Alikuwa amefunga masanduku, amewaaga majirani, amerudisha funguo za nyumba ya kupanga. Wiki ile ile miguu ikavimba. Hospitali ya Kule wakampima, wakasema figo zote mbili zimechoka, na kwamba ataishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, bila kukosa. Mashine hiyo iko Kule. Mji wetu hauna, na hauna hata ahadi ya kuwa nayo.

Akarudi kwa mwenye nyumba kuomba funguo zake.

Mama aliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo. Tuliisoma wote, ilikuwa na mistari miwili. Meneja akamwita, akafunga mlango, na kwa mara hii namsifu, alisema naye kama ndugu. Alimwonyesha kwamba bima ya mumewe iliisha na kazi yake. Itakayolipia mashine sasa ni bima ya Mama, mume akiwa mtegemezi wake. Mama akiacha kazi, mashine inazimwa. Mama akaichana ile barua mwenyewe. Yaani ili mumewe aishi Kule, ilimpasa yeye abaki hapa.

Wakati huo huo shirika likawa linapunguza safari. Zilikuwa mbili kwa siku, ikawa moja, ikawa tatu kwa wiki. Ndege ikipungua, viti vinagombaniwa. Ijumaa Mama alikuja kazini na begi dogo, akapanga safari ya ndege ile, akahesabu abiria, na kama kiti kimebaki alivua kitambulisho akapanda. Kama hakijabaki, alilisukuma begi chini ya meza kwa mguu, akachukua simu na kutoa taarifa. Mnarani Kule sasa alipokea mtu mwingine ambaye hakuwa na habari kama amekula.

Mara mbili alijaribu basi. Mara ya pili alifika Jumamosi usiku, akakaa kando ya kitanda mpaka alfajiri, akaondoka na basi la kurudi ili awe kazini Jumatatu. Mumewe alimkataza kurudia. "Unakuja kunionyesha ulivyochoka," alimwambia. "Mimi nataka kukuona umelala usingizi."

Nilimwona mumewe mara moja mwaka jana, nilipopelekwa Kule kutengeneza ndege. Alikuwa amekonda, ngozi imekuwa ya majivu, lakini alijua upepo wa siku ile ulitoka wapi. Alinitania kwamba mimi namwona mkewe saa nane kwa siku na nalipwa kwa kazi hiyo. Nilipoaga alinishika mkono, hakuuachia.

"Fundi, anakula?"

"Anakula, mzee."

"Sema kweli."

"Tunamlazimisha."

Akaniachia.

Aprili ilikuja na mvua kama mnavyoikumbuka. Jumatano moja asubuhi hospitali walipiga simu ofisini. Nilikuwa mlangoni. Muuguzi alisema afadhali mke aje leo, na hakusema zaidi. Kwa bahati ilikuwa siku ya ndege, na kwa bahati kiti kilikuwepo, maana watu wengi waliogopa mvua wakabaki makwao. Mama aliipanga safari ile mwenyewe. Aliongeza mafuta kuliko kawaida, akampa rubani karatasi, akapanda. Mimi niliondoa vigingi vya kuzuia magurudumu, nikamwona dirishani. Hakupunga mkono wala mimi sikupunga.

Nilikaa ofisini kwake kupokea taarifa ya kutua. Muda wake ulifika, ukapita. Simu ilipolia ilikuwa mnara wa Kule: wingu limelala juu ya njia ya kurukia, rubani amejaribu mara moja, amejaribu mara ya pili, sasa anazunguka akingoja lifunguke. Nikangoja. Simu ikalia tena. Mafuta ya kungojea yamekwisha, yaliyobaki ni ya kurudia. Anarudi.

Nilitoka nje na vigingi vyangu, nikasimama kwenye mvua kabla hata ndege haijaonekana, kwa sababu sikuweza kukaa ndani. Ilitua vizuri. Mlango ukafunguliwa, abiria wakashuka wakilalamika, wengine wakimshukuru Mungu. Mama alishuka wa mwisho. Rubani alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, akijaribu kusema kitu, naye alimgusa bega kumwonyesha kwamba si kosa lake, na halikuwa.

Alinifikia, akasimama karibu sana.

"Fundi," alisema, "wingu lilifunguka kidogo. Nimeliona paa la hospitali. Lile la kijani, la wodi yao."

Nilimpa mkono ashike.

"Nimeona na watu uani, Fundi. Nimeona mtu ana mwavuli."

Tuliingia ndani. Alitafuta basi, daraja lilikuwa limeshakatika tangu Jumatatu. Alitafuta mtu mwenye gari la kupita njia ya juu. Akaambiwa hiyo njia sasa ni mto. Akakaa kwenye kiti chake na kanga yake mbichi, mkono juu ya simu. Walimpigia kabla ya saa kumi jioni. Alisema, "Haya. Asante kwa kunipigia," kama alivyowaambia watu wote wa simu maisha yake yote.

Kesho yake anga lilikuwa jeupe kama limefuliwa. Ndege ilitumwa maalumu, akaenda, na akarudi nayo mchana, yeye kwenye kiti cha nyuma na mumewe kwenye mizigo. Mimi ndiye niliyefungua ule mlango. Binti yao, ambaye ni mwalimu mbali na hapa, alifika siku ya pili baada ya maziko. Yule baba amezikwa nyuma ya mji huu aliokuwa akiuomba kwa barua miaka yote ile, na mkewe anaweza kumfikia kwa miguu.

Baada ya siku saba Mama alirudi kazini. Tulimwambia apumzike, bado alikuwa na likizo. Alisema nyumbani kuna masanduku ya mumewe ambayo hajafungua, na kwamba kila akikaa sebuleni anayaona. Amefanya kazi Mei yote na Juni hii yote. Abiria wanaendelea kumuuliza mwendo, naye anawajibu. Sauti haijabadilika. Sisi tuliokaa karibu naye ndio tunaogeuza nyuso.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini yametokea mengine wiki iliyopita, na kwa kuwa ofisi haina siri bali ina kuchelewa tu, heri niyaseme mwenyewe.

Kituo kikifungwa, sisi tuliobaki tunapangiwa kwingine. Barua yangu imetoka. Napelekwa Kule. Sikuomba, sikuandika mstari mmoja. Niliificha barua ile kwenye sanduku la zana, nikiogopa Mama asiione, na kumbe alikuwa ameijua kabla yangu. Alinikuta karakana nikifuta mikono.

"Umepata Kule."

"Nimepata, mama. Wala sikuomba."

"Najua hukuomba. Ndiyo maana wamekupa." Alikaa kwenye kreti la vipuri. Hakuwa amekasirika; ningependa angekasirika. "Na mkeo?"

Mke wangu ni muuguzi katika hospitali ya hapa. Nilimwambia kwamba nimeuliza, na wamesema atafuata.

Kisha akasema, "Fundi, mchukue siku hiyo hiyo. Acheni kabati, acheni vyombo, acheni hata kuku. Msiachane nyinyi. Wakikuambia si mbali, usiwasikilize."

Nilimpelekea mke wangu maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Aliniuliza, "Nikiacha kazi, mama yangu atatibiwa kwa bima ya nani?" Akaendelea kukunja nguo. Hatujayazungumza tena. Naondoka mwanzoni mwa Julai, kwa basi, maana ndege haitakuwepo.

Zawadi ya ofisi kwa Mama ni sanduku la safari lenye magurudumu. Niliwaambia hana tena pa kusafiri. Wakasema limeshanunuliwa.

Mama Robo Tatu, kwa niaba ya marubani uliowarudisha makwao salama, wapakizi uliowatetea, abiria uliowatoa hofu kwa jibu moja fupi, na mimi uliyenivumilia na kelele za nyundo nyuma ya ukuta wako, asante. Hatuna cha kukulipa. Nimeambiwa nimalizie kwa kukutakia maisha mema, na nakutakia, ingawa sijui yataanzia wapi. Uwe na afya. Ule hata usipoulizwa. Na siku nyumba ikikuzidi ukubwa, mke wangu anaishi mtaa wa nyuma yako, nyumba ya pili kutoka kisimani, na kuanzia Julai naye atakuwa peke yake na watoto. Nenda ukagonge. Nimeshamwambia kwamba huenda ukaja, akasema utamkuta.